UZI: Mashine ya espreso imepanda daraja, kinu kimebaki cha zamani. Tunaoanisha vipi?

Kahawa_Chungu

Wakuu, habari za humu. Naomba tuongee kwa namba ili tusipotezeane muda.

Mashine ya awali: mpini (kishikio kinachobeba chujio) wa milimita 51, chujio la kuta mbili.
Mashine ya sasa: Gaggia Classic, mpini wa milimita 58, chujio la ukuta mmoja la gramu 18, springi ya vali ya presha ni ya baa 9.
Kinu: kilekile cha siku zote, meno ya koni ya milimita 38, gurudumu la kurekebisha usagaji lina hatua 40, namba ikishuka kahawa inakuwa laini zaidi.
Kahawa: arabika ya Mbozi, mkaango wa kati, ina siku 12 tangu ikaangwe.

Naweka gramu 18, lengo ni gramu 36 kikombeni. Kinu kikiwa namba 5, gramu 36 zinatoka kwa sekunde 13, nyembamba, chachu. Namba 4, sekunde 44, inadondoka tone tone na ni chungu. Namba 3 haitoki kabisa. Kwenye mashine ya zamani kinu hikihiki kilitoa krema (lile povu la juu) nene hata kikiwa namba 9.

Tatizo ni kinu au ni mkono? Na kama ni kinu, nitafute chenye sifa gani?

MzeeWaMeno

Mkuu, mkono wako tuuache kwanza. Namba zako zimeshasema zenyewe: hatua moja ya gurudumu imeruka sekunde 31. Shoti (mkupuo mmoja wa espreso) unayoitafuta iko kati ya 4 na 5, na kinu chako hakina kitu kati ya 4 na 5. Ushindilie kwa ustadi wowote, hutaifikia.

Kuhusu ile krema ya zamani. Chujio la kuta mbili lina matundu mengi kwa ndani, lakini kwa nje lina tundu moja tu, dogo kama la sindano. Presha inatengenezwa na tundu lile. Kahawa ikisukumwa pale inatoka na povu hata kama imesagwa chenga chenga. Ndiyo maana mashine za bei ya chini huja na chujio hilo: watengenezaji wanajua mnunuzi hana kinu cha espreso. Chujio la ukuta mmoja halina msaada huo. Kinachozuia maji ni kahawa yenyewe, kwa hiyo kazi yote ya kutengeneza presha imehamia kwenye kinu.

Kinu cha kuendana na mashine uliyonayo sasa kipime kwa mambo matatu, na kwa mpangilio huu:

1. Nafasi upande wa laini. Kiweze kusaga hadi kuziba mashine kabisa, halafu bado kibaki na nafasi ya kulainisha zaidi.
2. Ukubwa wa hatua. Hatua moja isogeze shoti kwa sekunde 2 hadi 4, au gurudumu lisiwe na hatua kabisa, liteleze tu.
3. Meno kukaa sambamba na mhimili usiotikisika. Meno yakikaa upande, upande mmoja unasaga unga na mwingine unasaga chenga, kwa wakati mmoja.

Aina ya meno, rangi, skrini, kujipimia uzito, hayo yanafuata baadaye.

Fundi_Boila

Naongezea kwa mzee, maana wengi hawaoni kwamba hata kipenyo cha mpini kimebadilisha kazi ya kinu.

Duara la milimita 51 lina eneo la kama milimita za mraba 2,043. La 58 ni kama 2,642. Gramu 18 zilezile sasa zimetandazwa kwenye eneo lililoongezeka kwa asilimia 29. Tabaka limekuwa jembamba, na papo hapo njia ya maji imepanuka. Mambo mawili yanazidishana: 1.29 mara 1.29 ni kama 1.67. Kwa usagaji uleule na presha ileile, maji yanapita haraka karibu mara 1.67. Anayetoka milimita 54 kwenda 58 anapata kama 1.33. Hii ni hesabu ya karatasini, kwa sababu kahawa huvimba ikilowa na upana wa chujio si uleule toka juu hadi chini, lakini mwelekeo ndio huo: ukipanda kipenyo bila kuongeza kahawa, lazima usage laini zaidi.

Kwa hiyo kabla ya kununua mashine ya 58, angalia kinu chako kilikuwa namba ngapi kwenye 51 au 54 ukitumia chujio la ukuta mmoja. Kama kilikuwa tayari namba 1 au 2, ujue mashine mpya itakikuta kimefika ukutani.

Na lile neno "baa 15" kwenye boksi lisimtishe mtu wala kumfurahisha. Huo ni uwezo wa pampu ikiwa imezibwa. Kinachoamua presha juu ya kahawa ni vali, na 9 ndiyo inayotumika sana. Vali ikiwa imeachwa kwenye 12 au zaidi, maji yanachimba njia kwenye kahawa na utakilaumu kinu bure. Mkuu Kahawa_Chungu ameshamaliza hilo, safi.

DadaMizani

Kabla hujatoa hela, fanya jaribio hili. Linatenganisha kosa la kinu na kosa la mkono.

Kinu kiwe namba 4. Pika shoti tatu mfululizo bila kugusa gurudumu. Kila moja: pima gramu kwa mizani inayosoma 0.1, saga, tikisa chujio kidogo, chambua mabonge kwa sindano nyembamba (milimita 0.3 hadi 0.4, ukiwa nazo nne au tano kwenye kishikio ni bora), anzia chini ukipanda juu kwa miduara midogo, sawazisha, shindilia ukiwa umenyoosha kifundo cha mkono. Andika sekunde za kufika uzito uleule.

Tofauti kati ya shoti tatu ikiwa ndani ya sekunde 3 au 4, mkono uko sawa na kinu kinasaga kwa uthabiti, kasoro ni ukubwa wa hatua tu. Zikiwa mbalimbali, mfano 22, 41, 29, basi ama kahawa ya zamani inabaki ndani ya kinu na kuchanganyika na mpya, ama meno yanatikisika, ama kuna mabonge hukuyavunja.

Wakati unasubiri kinu kipya, tumia uzito kama gurudumu la pili. Usipoweza kubadili usagaji kwa nusu hatua, badili gramu kwa nusu nusu. Gramu 0.5 mara nyingi husogeza shoti sekunde 2 hadi 4. Wewe unataka kushuka kutoka 44 hadi 30, hiyo ni kama gramu 2 au zaidi, na gramu 16 kwenye chujio la 18 zinaacha nafasi kubwa juu; machicha yanatoka tope. Bora uchukue chujio la gramu 15, ubaki namba 4, utoe gramu 30.

Kahawa_Chungu

Asanteni sana. Nimefanya. Chujio la gramu 15, kinu namba 4, gramu 30 kikombeni: sekunde 27, 29, 33. Ladha imetulia sana, uchachu umebaki kidogo.

Naona kila shoti inachelewa kuliko iliyotangulia. Hiyo ni nini?

DadaMizani

Mara nyingi ni kahawa inayobaki ndani pamoja na joto. Saga gramu 15 zilizopimwa, kisha pima kilichotoka. Ukipata 14.2, kuna 0.8 imebaki, na shoti inayofuata itaanza na hiyo. Kigonge kinu kwa kiganja mara tatu baada ya kusaga, au pulizia njia ya kutokea. Tone moja la maji kwenye punje kabla ya kusaga (chovya mpini wa kijiko, koroga punje nao) linapunguza umeme tuli, na unga haugandi kwenye kuta. Tone moja, mkuu. Punje zikilowa utaleta kutu kwenye meno ya chuma.

MzeeWaMeno

Na kabla hujakitupa, tafuta sifuri yake. Vinu vingi vinatoka kiwandani namba 1 ikiwa mbali na pale meno yanapogusana.

Toa punje zote, safisha kwa brashi, kiwashe kikiwa kitupu, kisha sogeza gurudumu kuelekea laini taratibu hadi usikie mlio mwembamba wa chuma kugusana. Rudi nyuma mara moja, zima. Hapo ndipo sifuri. Ukifika namba 1 na hakuna mlio, kinu kina nafasi ambayo hakikupewa. Kuna vinu vinavyokubali kuwekewa shimu (pete nyembamba ya chuma) chini ya meno ya juu vikashuka zaidi. Wenye Barista Express ya Breville, ambayo Uingereza na Ulaya inauzwa kwa jina la Sage: ukichomoa meno ya juu utaona yana namba 1 hadi 10, yanatoka kiwandani yakiwa 6. Shusha hadi 5 au 4 kabla hujasema kinu hakisagi laini. Chomoa umeme kwanza, kidole na meno ya kinu havipatani.

Lakini jua kwamba shimu inasogeza mwanzo tu wa kipimo. Hatua zinabaki kubwa vilevile. Kwa kesi yako haitasaidia, namba 3 inaziba tayari.

Kahawa_Chungu

Sawa mzee, nimeelewa, tatizo langu ni la pili kwenye orodha yako. Sasa tuje kwenye kununua. Matumizi ni shoti 3 au 4 kwa siku, nusu na maziwa nusu bila. Meno bapa au koni? Umeme au mkono?

Fundi_Boila

Anza na mashine, si na kinu. Gaggia Classic, Rancilio Silvia na nyingi za daraja hilo zina pampu ya mtetemo. Presha inapanda polepole kwa sekunde chache, hilo linalainisha makosa. Mashine zenye pampu ya mzunguko hufika baa 9 haraka, na tabaka lenye mabonge linapasuka palepale. Mashine za kichwa cha E61, muundo ulioanza kwa Faema mwaka 1961, zina chumba kidogo ndani ya kichwa kinachojaa kwanza kabla ya presha kamili, kwa hiyo nazo zinasamehe kiasi. Ukiwa na mashine yenye mkono wa kudhibiti mtiririko kama Lelit Bianca, unaweza kulowesha kahawa pole pole kwa sekunde 10 au zaidi, ukasaga laini kuliko kawaida bila kuziba. Mtu wa namna hiyo anahitaji kinu chenye nafasi kubwa zaidi upande wa laini kuliko wewe.

Kwa Gaggia yako: gurudumu lisilo na hatua au lenye hatua ndogo, meno ya chuma, milimita 40 kwenda juu kwa koni au 50 kwenda juu kwa bapa. Ukivuka hapo kwa mbali, fedha inaongeza raha ya matumizi na tofauti ndogo za ladha ambazo boila ndogo ya mashine yenyewe, isiyoshika joto vizuri, itazificha.

MzeeWaMeno

Hapo kwa kuficha sikubaliani nawe fundi. Joto unaweza kulidhibiti kwa mkono: washa dakika 20 na mpini ukiwa umefungwa, mwaga maji kidogo, subiri taa. Usagaji mbaya huwezi kuudhibiti kwa mkono. Kinu kizuri kwenye mashine ya kawaida kitakupa kahawa nzuri. Mashine ya gharama yenye kinu kibovu haitakupa. Na kinu kinahamia kwenye mashine ijayo.

Kuhusu bapa na koni, kwa lugha ya kikombe: koni hutoa chembe za saizi zilizotawanyika zaidi, pamoja na vumbi laini zaidi, na vumbi hilo linaleta uzito mdomoni. Shoti inakuwa nene na rahisi kuipata. Bapa, hasa yaliyochongwa kwa ajili ya hilo, hutoa saizi zinazokaribiana, ladha zinajitenga, matunda yanasikika, mwili unakuwa mwepesi. Lakini bapa yanadai zaidi: kosa dogo la kusawazisha linaonekana. Anayekunywa na maziwa, koni. Anayenunua kahawa ya mkaango mwepesi na kunywa bila maziwa, bapa. Nusu kwa nusu kama wewe, yote yanafaa, kwa hiyo amua kwa bei na nafasi ya mezani.

Mifano ya kuangalia, ili ujue saizi na aina:

Baratza Encore ESP, koni ya milimita 40. Ina hatua 40, lakini 1 hadi 20 zimetengwa kwa espreso na ni ndogo. 21 hadi 40 ni kubwa, kwa ajili ya kahawa ya kuchuja. Msiichanganye na Encore ya kawaida, ambayo hatua zake 40 zote zina ukubwa mmoja.
Eureka Mignon Specialita, bapa milimita 55, haina hatua.
DF64, bapa milimita 64, haina hatua, unaweka gramu za shoti moja moja.
Niche Zero, koni milimita 63, haina hatua, nayo ni ya shoti moja moja.

DadaMizani

Na vinu vya mkono tusiviache, maana kwa shoti 3 kwa siku ndivyo vinavyotoa ubora mwingi kwa fedha kidogo. Hamlipii mota. Angalia kitu kimoja: maikroni (elfu moja ni milimita moja) kwa mlio mmoja wa gurudumu, yaani hatua moja. 1Zpresso J-Ultra ni 8. Kingrinder K6 ni 16. Comandante C40 ni kama 30, kinu kizuri sana kwa kahawa ya kuchuja, lakini kwa espreso mtu anarudi kwenye shida ileile ya Kahawa_Chungu, isipokuwa afunge mhimili wake mwingine unaogawa mlio huo nusu.

Gramu 18 za espreso kwa mkono ni dakika moja, kahawa ngumu inaweza kufika dakika moja na nusu, na nguvu unatumia. Nyumba yenye wageni wa mara kwa mara, chukua cha umeme.

Buni_Mbozi

Tuongee na kahawa yenyewe, kwa sababu kinu hakisagi hewa.

Arabika ya miinuko mirefu, ya Mbozi, Kilimanjaro au AA (daraja la punje kubwa) ya Kenya, punje zake ni ngumu na nzito. Zikikaangwa kidogo ndiyo zinakuwa kama kokoto: zinataka kusagwa laini zaidi, na mota dogo linaweza kukwama. Kikikwama, zima, chomoa, legeza gurudumu kuelekea chenga, ndipo uwashe. Usilazimishe. Kahawa ya aina hii imimine kidogo kidogo mota likiwa tayari linazunguka. Robusta ya Kagera iliyokaangwa sana ni kinyume chake: inavunjika kirahisi, inatoa vumbi jingi, na lazima usage chenga zaidi, namba mbili tatu juu. Mafuta yake yanajenga utando kwenye njia ya kutokea, kwa hiyo brashi kila wiki.

Kila ukibadili mfuko, tegemea kurekebisha kinu. Hata mfuko uleule: siku 5 tangu kukaangwa bado una gesi nyingi, shoti inabubujika na krema inakuwa na mapovu makubwa, siku 10 hadi 20 imetulia, ikivuka mwezi mfuko ukiwa wazi, utajikuta unasaga laini zaidi na zaidi ili kupata sekunde zilezile. Hapo usiseme kinu kimeharibika.

Walioko Dar, Tanga, Mombasa na Unguja: unyevu wa hewa unaingia kwenye kahawa. Msimu wa masika utasogeza gurudumu bila kubadili chochote kingine. Usiache punje kwenye hopa (chombo cha juu cha kinu) usiku kucha, weka kwenye chombo kinachobana.

Na kitu ambacho vitabu vya maelekezo havisemi: chambua kahawa kama unavyochambua mchele. Kahawa inayoanikwa juani na maganda yake, ikianikwa chini, inaweza kuja na kijiwe. Kijiwe kimoja kinachonga jino la kinu, na jino likishachongeka halirudi. Mwaga gramu zako 18 kwenye sahani nyeupe, tazama, kisha weka.

Mswahili_Ohio

Wadau, niko Marekani, nataka kurudi nyumbani na kinu pamoja na mashine. Nikitumia transfoma si inatosha?

Fundi_Boila

Haitoshi, ndugu. Transfoma inabadili volti tu. Marekani ni volti 120 na hezi 60 (mapigo ya umeme kwa sekunde); Tanzania na Kenya ni kama volti 230 hadi 240 na hezi 50. Hezi hazibadiliki kwa transfoma.

Kinu chenye mota ya AC, inayotumia umeme wa ukutani kama ulivyo, kitazunguka polepole. Mignon, kwa mfano, ya hezi 60 ni kama mizunguko 1,650 kwa dakika na ya hezi 50 ni kama 1,350. Kupungua mwendo si tatizo kwa kahawa. Tatizo ni mota iliyoundwa kwa hezi 60 kuvuta umeme mwingi zaidi kwenye hezi 50 na kupata joto. Kuipunguzia volti kwa uwiano uleule, yaani kama 100 badala ya 120, kunaiokoa, lakini sasa umeanza kutengeneza mtambo. Kinu chenye mota ya DC na adapta yake iliyoandikwa "100–240V 50/60Hz" hakina shida yoyote, ukibadili waya wa plagi umemaliza. Cha mkono ndiyo kabisa.

Mashine yenyewe iache hukohuko uiuze. Hita ya wati 1,400 inataka transfoma ya VA 2,000 au zaidi, zito la kubeba kwa mikono miwili, na pampu ya mtetemo ya hezi 60 itapiga mapigo 50 badala ya 60. Mtu akichomeka ya 120 moja kwa moja kwenye soketi ya 230, hita na pampu vyote vimekwenda.

Ukipitia Ghuba, Imarati na Oman wanatumia hezi 50 na plagi ya miguu mitatu bapa kama yetu, hapo nunua bila wasiwasi. Saudia ni hezi 60, kwa hiyo soma kibandiko cha nyuma kabla ya kulipa.

Kahawa_Chungu

Nimepata vitu viwili vya kuchagua. Kuna mtu anauza Mazzer Super Jolly iliyotumika mgahawani. Au ninunue kipya kidogo, bapa 55. Ile iliyotumika nikague nini?

MzeeWaMeno

Super Jolly ni bapa ya milimita 64, chuma kitupu, vipuri vyake vinapatikana. Kagua hivi.

Fungua sahani ya juu uyatazame meno. Pitisha ukucha kwenye kingo: kali inakwaruza, iliyokwisha inateleza. Tafuta jino lililomeguka. Meno yaliyokwisha siyo sababu ya kuacha, ni sababu ya kushusha bei, maana seti mpya unafunga kwa skrubu tatu kwa kila sahani. Zungusha sahani ya chini kwa kidole; ukisikia mkwaruzo au ukaona inayumba, bearingi zimekufa. Kiwashe: kivume sauti moja, kisisite kuanza. Kikisita au kikivuma bila kuzunguka, kapasita. Mwisho, gurudumu lizunguke bila kukwama. Likikwama, mara nyingi ni kahawa ya zamani kwenye nyuzi za skrubu, inasafishika kwa brashi na subira.

Kasoro yake kwa nyumbani ni moja: kimetengenezwa kusaga mfululizo. Kile chombo cha mbele chenye visehemu vya kugawa kahawa kinashika unga, na njia ya ndani inashika gramu kadhaa. Ukisaga shoti moja asubuhi, nusu yake ni ya jana. Labda ukubali kusaga na kutupa gramu 4 au 5 kila asubuhi. Kwa shoti 3 kwa siku, upotevu huo ni mkubwa. Ningekuwa na nafasi yako ningechukua kidogo.

Kahawa_Chungu

Nimechukua bapa 55 isiyo na hatua, mpya. Nianzeje siku ya kwanza nisipoteze mfuko mzima?

DadaMizani

Tafuta sifuri kama mzee alivyoeleza juu, weka alama ya penseli. Rudi nyuma hadi unga ukisugua kwa vidole uhisi katikati ya unga wa ngano na chumvi laini. Weka gramu 18, chujio la 18, mizani chini ya kikombe, saa ianze unapobonyeza pampu.

Ikifika gramu 36 chini ya sekunde 20, laini zaidi. Ikivuka 35, chenga zaidi. Kwa kinu kisicho na hatua, sogeza kidogo sana, upana wa milimita 2 au 3 kwenye gurudumu, ukilainisha mota likiwa linazunguka. Ukilainisha kikiwa kimezimwa na kahawa ndani, unga unabanwa kati ya meno na gurudumu linakudanganya. Kila ukisogeza, saga gramu 3 utupe, ndipo upime shoti mpya. Wengi wanaruka hapa, wanasogeza mara mbili wakidhani ya kwanza haikufanya kazi, kisha mashine inaziba.

Ukifika sekunde 25 hadi 30, acha saa, onja. Chachu na nyembamba: laini kidogo au toa gramu 38 hadi 40. Chungu na inakausha ulimi: chenga kidogo au toa 34. Badili kitu kimoja kwa wakati. Usicheze na nguvu ya kushindilia, ikishabana imebana.

Kahawa_Chungu

Mrejesho. Gramu 18 ndani, 37 nje, sekunde 28, 29, 28. Tofauti ni sekunde moja. Uchachu umeisha, kuna utamu ambao sikuujua kwenye mfuko huuhuu wa Mbozi.

Ila leo, baada ya kusaga kama kilo moja hivi tangu kinunuliwe, naona inabidi nilainishe kidogo kila baada ya siku tatu. Meno yanalegea?

MzeeWaMeno

Hapana mkuu, kwanza angalia umri wa kahawa, Buni_Mbozi ameshaeleza hapo juu. Pili, meno mapya yana kingo kali mno na vinyweleo vya chuma vilivyoachwa na kuchongwa. Kilo 2 hadi 5 za mwanzo yanatulia, na gurudumu linahama katika kipindi hicho. Kaza skrubu za meno mara moja tu baada ya kilo ya kwanza, umeme ukiwa umechomolewa. Baada ya hapo, kwa shoti 3 za gramu 18 unasaga kama kilo 20 kwa mwaka, na meno ya chuma yanakwenda mamia ya kilo.

Likiendelea kuhama hata ukifungua mfuko mpya wenye umri uleule, rudi hapa na namba zako.